Mwaka Bosibori Alipovuliwa Ebitinge

Simu ililia saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni nikingoja maziwa yachemke. Sauti ilikuwa ya kijana nisiyemfahamu. Alisema yeye ni kifungua mimba wa Kemunto, kwamba mama yake ameaga dunia usingizini, na kwamba kati ya mambo aliyoyaagiza alipoanza kuugua, mojawapo lilikuwa karani aambiwe. "Tulimuuliza karani yupi, akasema kwake kuna mmoja tu," kijana akaniambia. Maziwa yalifurika yakazima moto. Ilikuwa imepita miaka mingi bila mtu yeyote kuniita karani. Nimeuza misumari, saruji na mabati Kisii mjini kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na wateja huniita mwalimu kwa sababu ya vitabu vilivyopangwa nyuma ya kaunta, ingawa sijawahi kufundisha darasa lolote. Karani nilikuwa kwa mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, kwenye kituo cha kupimia majani chai nje kidogo ya Kebirigo. Mwaka huo nililala katika chumba cha uani kwa bibi yake Kemunto, aliyeitwa Bosibori.

Tulimzika Kemunto kwa mumewe, kijijini Ikonge. Wakati wa kurudi nilishuka Kebirigo nikatembea hadi mahali palipokuwa na boma la Bosibori. Nyumba haipo. Chai imepandwa hadi ukingo wa barabara, safi, imekatwa sawasawa kama meza. Nilijaribu kukadiria kwa macho mlango ulikuwa upande gani, jiko upande gani, na chumba changu chenye dirisha la ubao kilitazama wapi. Mimi ni mtu wa vipimo na jambo hilo halikunishinda. Niliweza kusema, hapa palikuwa na mafiga, hapa palikuwa na gunia la mkaa. Lakini sikuwa nimekwenda kutafuta nyumba. Nilikuwa natafuta sauti, na sauti haiachi msingi ardhini.

Sauti yenyewe ilikuwa ya chuma kugusa chuma, nyepesi, mara mbili mara mbili. Bosibori alivaa pete nne za chuma, mbili kila mguu, juu ya kifundo. Kwetu tunaziita ebitinge. Alipoamka kabla ya jua na kuvuka ua kwenda kukama, nilimsikia kupitia ukuta wa udongo, na kwa kusikia tu niliweza kujua kama amebeba ndoo tupu au iliyojaa, kama usiku ulinyesha, kama ameamka na hasira. Wiki ya kwanza sauti hiyo ilinikosesha usingizi. Wiki ya pili niliizoea. Kufikia mwezi wa tatu, nilipokwenda kwetu siku ya mapumziko, niliamka alfajiri kwa sababu ya kimya.

Msomaji asiyetoka kwetu nimweleze. Zamani, mwanamke wa Kigusii aliyekamilishiwa ndoa yake kwa sherehe kubwa, ile inayoitwa enyangi, alifungwa pete za chuma miguuni mbele ya watu wa pande zote mbili. Hakuzivua akilala, hakuzivua akioga, hakuzivua akienda kujifungua. Zilitoka siku mumewe amekufa. Nimesoma mengi tangu wakati ule, yaliyoandikwa na wageni waliopita huku na daftari zao, na wengi wao wameziweka pete hizo katika sura ya mapambo, pamoja na shanga na vipuli. Wamisionari nao waliziona hivyohivyo, na wakafundisha kwamba Mkristo hajipambi. Hivyo kizazi kimoja cha mama zetu kilikaa chini kikavuliwa kwa nyundo, wengine kwa hiari, wengine kwa machozi, na kufikia mwaka wangu wa ukarani, katika vijiji vyote vilivyoleta majani kwenye mizani yangu, aliyebaki nazo alikuwa Bosibori peke yake.

Jiko lake lilikuwa dogo, jeusi kwa moshi, na lenye joto hata siku ambazo ukungu wa Nyamira uliingia mpaka mlangoni. Tulikula humo watu watatu: Bosibori kwenye kigoda, Kemunto kwenye mkeka, mimi juu ya debe lililopinduliwa. Ugali ulikuwa wa wimbi, mzito, rangi ya udongo, na mboga ilikuwa chinsaga iliyolazwa na maziwa katika chungu mpaka uchungu wake ukawa utamu wa aina nyingine, ambao sijaupata tena mezani kwa mtu. Kemunto alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza shule kama mimi, na kama mimi hakuwa na mahali pa kwenda nayo. Wazazi wake walikuwa wakichuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho. Alikuwa na mdomo usiotulia. "Karani," aliniambia siku ya kwanza, "hapa kwetu mtu hapimwi kwa mizani. Kula mpaka Magokoro aseme basi." Magokoro ni nyanya. Mimi pia nikamwita hivyo kabla ya juma kwisha.

Habari za mumewe Bosibori nilizipata kwa vipande, jioni, akichambua mboga. Aliitwa Onchari. Serikali ya Waingereza ilipotaka vijana wa vita vikuu vya pili, chifu aliagizwa kutoa idadi, na askari wake wakapita boma kwa boma. Onchari alipanda lori la jeshi Kisii na wenzake, wakapelekwa mbali, ng'ambo ya bahari, mpaka Burma. Baadhi ya wale wenzake walirudi wakiwa na makoti makubwa na maneno machache. Kuhusu Onchari, mmoja alisema alimwona mara ya mwisho akivuka mto; mwingine alisema haukuwa mto, ulikuwa msitu. Bosibori alitembea kwa miguu hadi kwa mkuu wa wilaya kuuliza. Karani wa hapo alimsomea kwamba mumewe hajulikani alipo.

"Nikamwambia, mimi najua alipo," Bosibori alitusimulia. "Yuko huko mlikompeleka. Sasa mwambieni arudi."

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alifunga dirisha. Nyinyi makarani ndivyo mlivyo."

Kemunto alicheka mpaka akamwaga mboga.

Nilichukua muda kuelewa kilichomfunga mzee huyu. Hakukataa kanisa. Kila Sabato alivaa gauni lake jeupe akaenda, akakaa kwenye benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, na watu wote wakamjua amefika kwa sababu walimsikia. Alitaka kubatizwa. Watu wake wote walikuwa wamebatizwa, na alisema wazi kwamba hapendi wazo la kufika mbinguni akaambiwa asubiri mlangoni. Lakini kubatizwa kulitaka ebitinge vitoke, na mwanamke hatoi ebitinge ila mumewe akiwa amekufa, na hapakuwa na mtu, wala wa serikali wala wa ukoo, aliyewahi kumwambia kwamba Onchari amekufa. Kuvitoa kungekuwa kumuua kwa mikono yake mwenyewe.

Mzee Nyaberi, mzee wa kanisa, alikuja mara nyingi mwaka ule. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chumba changu kilipakana na sebule, na ukuta haukufika kwenye mabati, kwa hiyo nilisikia kila neno hata nilipojaribu kusoma.

"Mama, ni chuma tu," alisema alasiri moja. "Mungu hataki chuma. Anataka moyo."

"Kama ni chuma tu, tata," akamjibu, akimwita baba kwa heshima, "kinakusumbua nini?"

"Ni mapambo."

"Mapambo? Umewahi kuchimba viazi na mapambo haya? Umewahi kupanda mlima nayo na mtoto mgongoni? Jirani yangu Mkatoliki ana pete kidoleni, padri mwenyewe alimvisha. Kumbe ikiwa kidoleni ni takatifu, ikishuka mguuni ni ya shetani?"

"Sisi hata hiyo ya kidoleni hatuvai."

"Basi nyinyi mtajuaje mwanamke ana mume?"

Kisha nikasikia kikombe kikiwekwa mezani, na sauti ya Bosibori, tulivu, ikimuuliza Nyaberi kama aongezwe chai.

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Nilipokuwa kijana niliona mzee mmoja mjanja akimshinda mwingine. Sasa naona watu wawili waliopewa na wageni mambo mawili tofauti yasiyopatana: mmoja alipewa dini iliyomwambia vua, mwingine aliachiwa jibu la dirishani lililomkataza kuvua. Waliokuwa wameleta yote mawili walikuwa wamekwisha kwenda kwao.

Mvua ndefu zilipoanza, mguu wa kushoto wa Bosibori ulivimba. Kwanza alisema ni baridi. Kisha pete ya chini ikaanza kuzama katika nyama, na sauti ikabadilika: upande wa kulia uliendelea kulia kama zamani, wa kushoto ukawa bubu. Kemunto alimkanda kwa maji ya chumvi. Kidonda kilipotokea, tulimpakia kwenye mkokoteni wa jirani, juu ya majani ya migomba, tukampeleka zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo. Alimwita mama, akamwosha mguu kwa upole, kisha akatutazama sisi wawili. "Leteni msumeno wa chuma leo," alisema. "Mkikawia, hakitakatwa chuma, utakatwa mguu."

Bosibori alishuka kitandani akarudi kwenye mkokoteni bila kusaidiwa.

Habari ilienea. Nyaberi alikuja akasema kwamba pengine Mungu ameutumia mguu huo kumwita. "Mungu wako huita watu kwa usaha?" Bosibori alimjibu, na mzee akaomba radhi, kwa kweli akaomba. Wazee wa ukoo wa Onchari wakaja pia, wanne, wakakaa uani kwenye viti vya kuazima. Kwa maoni yao dawa ilikuwa nyepesi: mtu aliyepotea huzikwa kwa mfano wake, kisha mjane huvuliwa. Wakaanza kubishana mfano huo ni kitu gani. Mmoja alisema ni shina la mgomba, limevikwa nguo. Mwingine akasema hapana, hiyo ni desturi ya majirani zetu. Wa tatu alisema alimsikia babu yake akizungumzia jambo hilo lakini mwenyewe alikuwa shuleni siku lilipofanywa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai, na nilitambua, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba watu wanaweza kupoteza ujuzi wa jinsi ya kumlilia mtu wao, na wasigundue mpaka siku wanapouhitaji. Nadhani kusoma kwangu kote kulianzia hapo, na birika mkononi.

"Tutumie mgomba," akasema mkubwa wao. "Yatosha."

Bosibori alikuwa amenyoosha mguu juu ya kigoda. "Sikuolewa na mgomba," alisema. "Kunyweni chai."

Siku zilizofuata hakula vizuri. Harufu ya kidonda iliingia jikoni ikakaa na sisi. Kemunto, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia nyuma ya zizi akidhani sipo. Jioni ile aliingia, akapakua ugali, akakaa mkekani, na akasema huku akitazama sahani: "Magokoro, nina swali."

"Uliza."

"Ukikatwa mguu wa kushoto, pete mbili zitakwenda nao."

"Ndiyo."

"Zitabaki mbili."

"Unajua hesabu."

"Sasa babu atakuwa amekufa nusu?"

Nilishusha tonge. Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania nyanya yake kwa maneno ambayo mtoto wake hawezi kuyatamka, lakini hata ruhusa ina mipaka. Bosibori alimkazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka, akacheka mpaka akashika mguu kwa maumivu, akasema, "Mtoto huyu! Nusu! Nusu ipi, ya juu au ya chini?" Kemunto naye akacheka, na mimi. Bosibori alifuta macho kwa upindo wa leso.

"Mume wangu hakuwa mtu wa nusu," alisema. "Kesho mwite Ombati."

Ombati alikuwa mhunzi wa Ikonge. Baba yake ndiye aliyezifua pete zile. Yeye mwenyewe wakati huo aliishi kwa kutengeneza majembe na kuchomelea baiskeli. Alikuja asubuhi na mfuko wa ngozi. Wazee wanne walikuwepo, na Nyaberi pia, ambaye alikuja bila Biblia, nikaona alikuwa ameiacha kwa makusudi. Bosibori alikataa msumeno. Alisema vilifungwa bila kukatwa na vitafunguliwa bila kukatwa. Ombati alipaka samli, akapitisha utepe wa jani la mgomba kati ya chuma na ngozi, akaingiza vyuma viwili kwenye pengo ambapo ncha zilikutana, akaanza kupanua polepole. Mguu wa kushoto uliuma sana. Kemunto alimshika mabega, mimi nikashika unyayo. Pete ya kwanza ilipotoka, Bosibori aliinua mkono Ombati asubiri. Aliitazama ile pete juu ya majani. Akasema jina, mara moja, kwa sauti ya mtu anayemwita aliye upande wa pili wa ua: "Onchari." Akangoja. Akawapa ishara waendelee.

Ya nne ilipotoka alisimama, akashikilia mwimo wa mlango, akapiga kilio cha kufiwa. Sijui niandike vipi. Nilikuwa nimesikia vilio vya matanga tangu utotoni, lakini kilio hiki kilikuwa kimengoja zaidi ya miaka arobaini na hakikuwa kimepungua hata kidogo. Wanawake waliokuwa wakichuma chai ng'ambo ya bonde waliacha vikapu wakaja mbio.

"Nani amekufa?" mmoja aliuliza, akihema.

"Onchari," Kemunto akasema.

"Onchari yupi?"

"Mume wangu," akajibu Bosibori mwenyewe. "Amekufa leo."

Yule mwanamke hakuuliza zaidi. Alijitupa chini akalia, na wengine wote wakalia, wengi wao wakiwa hawajazaliwa Onchari alipopanda lori. Walileta sukari, ndizi na kuni, wakakesha naye. Hakuna kilichozikwa. Nyaberi aliongoza sala fupi, na wazee hawakumzuia.

Mguu ulipona. Baadaye alibatizwa, akahama benchi la nyuma, akaishi miaka mingine kadhaa. Lakini ninachokikumbuka ni asubuhi alipotembea kwa mara ya kwanza kuvuka ua. Miguu iliyozoea uzito tangu usichana haikujua kutembea bila uzito. Aliiinua juu mno, hatua kwa hatua, kama mtu anayevuka mto ambao hajui kina chake. Kemunto alimwendea amshike. "Niache," alisema. "Najifunza." Mimi nilikuwa chumbani, nimeamka kama kawaida, na sikuwa nimesikia chochote. Nilipofungua dirisha ndipo nilipomwona. Kwa muda uliobaki wa mwaka ule niliishi katika boma ambalo mwenyewe angeweza kutokea nyuma yangu bila onyo, na kila mara nilishtuka, na kila mara Kemunto alinicheka. Kituo kilipofungwa nilirudi Kisii. Kemunto aliolewa Ikonge mwaka uliofuata. Kuna maneno niliyokuwa nimeyapanga kumwambia, na niliyapanga vizuri sana, kama nipangavyo mambo yote, mpaka yakapitwa na wakati.

Siku matanga ya Onchari yalipokwisha, waombolezaji walipokwenda na ua ukafagiliwa, Bosibori alituita sisi wawili chumbani kwake. Alituambia tuvute chungu kilichokuwa chini ya kitanda. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea. Ndani zilijaa sarafu za shilingi na za senti hamsini zilizoingia weusi, upande mmoja kichwa cha mfalme wa Uingereza, upande wa pili simba. Wakati wa vita, alisema, karani wa chifu aliwaita wake za askari kila mwezi akawapa sehemu ya mshahara. Kodi ya nyumba, ile ya serikali, aliilipa kwa kuuza wimbi. Fedha hizi hakuzigusa. "Mtu akiuza jasho lake mbali hivyo," alisema, "hulili peke yako. Unamngoja mwenyewe arudi, mle pamoja." Kisha siku moja karani hakuita jina lake tena.

Nilimwambia, kwa uangalifu, kwamba sarafu za mfalme ziliacha kutumika zamani, miaka ya kwanza ya uhuru.

"Omomura, kijana wangu, usinitazame kama mtoto," alisema. "Waliniambia nikazibadilishe benki wakati ule. Ningezibadilishaje, mwenyewe akiwa hajarudi? Najua hazinunui hata kiberiti. Nyinyi mmesoma. Zihesabuni. Nataka kujua, mpaka siku waliponyamaza, walikuwa wamenipa ngapi kwa ajili yake."

Tulizimwaga mkekani. Kemunto alipanga kumi kumi, mimi nikafuata nyuma nikihakikisha, na mikono yetu ilikuwa myeusi hadi vifundoni. Bosibori alikaa kitandani, miguu yake mitupu ikining'inia, akisikiliza mlio wa chuma juu ya chuma mpaka tukamaliza. Nilihesabu mara ya pili ili nisimdanganye. Kisha nikamwambia: shilingi mia mbili na themanini na saba, na senti hamsini.